Fidla Juu ya Sauti ya Mama

Watanzania wa hapa Minnesota wananijua kwa vitu viwili, mdomo na kamera. Mdomo nilizaliwa nao. Mimi ni Mhehe, na kwetu hasira hatufundishwi, tunaamka nazo tu. Kamera niliinunua mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo Jumamosi zangu zimekuwa za watu. Sendofu, kitchen party, ubatizo, kipaimara, msiba, yote napiga mimi. Siku za kazi naendesha gari kutoka Crystal ninakokaa hadi Eden Prairie, nakaa ofisini mbele ya kompyuta, napima programu za wenzangu ili nione zimekosea wapi. Ndiyo kazi inayoniweka mjini, kutafuta makosa ya wengine. Naomba ukumbuke hilo.

Sisi tuna tabia moja kwenye video. Video isiyo na muziki tunasema imepoa. Basi muziki unawekwa tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi harusi anaapa, muziki. Shangazi analia mpaka kilemba kinadondoka, muziki. Ukimletea mtu video ya harusi yake ambamo unasikia viti vikiburutwa na mchungaji akikohoa, atakuuliza kama umeugua. Nilikuwa nafanya kama wote, nachukua kwaya hii, naweka bongo fleva ile, watu wanafurahi. Lakini moyoni nilijiona nastahili kitu kikubwa zaidi. Nimeimba kwaya tangu utoto, nina sikio.

Ndiyo maana nilijiandikisha darasa la jioni, kila Jumanne, kwenye kituo kimoja karibu na kwangu. Lilikuwa darasa la watu wazima, historia ya muziki wa sinema. Mwalimu alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, mwenye sweta moja ya kijani aliyoivaa majira yote. Babu yake, alituambia, alikuwa mpiga fidla katika jumba la sinema hapa hapa Minneapolis, zama zile za sinema bubu. Okestra nzima ilikaa chini ya pazia la picha, na picha zikipita juu yao wao wanapiga. Sinema ilipoanza kuzungumza, wapigaji wakaambiwa chukueni makoti yenu. Babu akaishia kuuza viatu.

Mzee yule alipenda kutusimulia ile miaka ya mwanzo ya sauti, karibu miaka mia iliyopita. Kumbe wakati huo watengenezaji wa sinema waliingiwa na woga wa ajabu. Walisema, mtu yuko peke yake kwenye mtumbwi, fidla zinalia, je, mtazamaji hatauliza hao wapigaji wamekaa wapi? Kwa hiyo kama wanataka muziki, wanaweka redio mezani, au wanampitisha ombaomba na fidla yake barabarani. Bila hivyo, kimya. Nilicheka kwa sauti. "Waoga wakubwa hawa!" nikasema, na darasa zima likanigeukia. Mwalimu akatabasamu, akasema baadaye walitokea waliothubutu. Waliweka okestra ya watu wengi nyuma ya kila kitu, mahali pasipoonekana, na watazamaji hawakuuliza chochote. Walilia tu.

Alituambia na jambo jingine. Mwanzoni kabisa sauti zote zilinaswa kwa mkupuo mmoja. Mwigizaji anaongea mbele, wapigaji wamejificha nyuma ya ukuta wa mbao, na vyote vinaingia kwenye utepe uleule. Tarumbeta moja ikikosea, mnaanza upya. Na mkishamaliza, hakuna awezaye kutoa muziki akaacha maneno, kama vile huwezi kutoa maziwa kwenye chai. Mpaka walipojifunza kunasa kila sauti kivyake, ndipo wakaweza kuushusha muziki mtu akiongea. "Neno likipita, muziki uiname," alisema mzee. Daftari langu ninalo mpaka leo. Habari za waliothubutu nimeziandika kurasa mbili. Hilo la kuinama sikuliandika.

Wakati huohuo rafiki yangu mmoja anayekaa Frogtown alinipigia simu. Mama yake alikuwa akiishi naye miaka mingi, alikuja kulea wajukuu na akawalea kweli. Sasa mapafu yalikuwa yamemchoka, anapumua kwa mashine, na alikuwa amesema neno moja tu: anataka kurudi Upare, akazikwe pembeni ya mumewe, si kwenye hii friji yenu. Wangempeleka. Lakini kabla hajaondoka aliomba kuwaaga na kuwabariki wajukuu wake, na rafiki yangu alitaka ihifadhiwe. Wale watoto wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza. "Leo hawasikilizi, dada," aliniambia. "Lakini wakikua watataka kumsikia bibi yao. Nataka wawe na sauti yake." Hakuomba picha nzuri wala kitu cha kuliza watu. Sauti yake, basi.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, kitenge kipya, kimrija puani. Mashine ya oksijeni ilikuwa pembeni ya ukuta, inanguruma taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mzinga wako?"

Alikuwa mtani hivyo. Nilipoanza kutega kamera, akamwambia binti yake, "Hebu zima hilo lidude kidogo, litaniharibia maneno."

"Mama, hapana," rafiki yangu akasema. "Hatuzimi hata dakika moja. Maneno yatasikika hivyohivyo."

Mama akacheka, akakohoa, tukaanza. Aliongea zaidi ya saa nzima. Alimwita mjukuu mmoja mmoja, akamshika kichwa, akamwambia aliyotaka kumwambia, na kati ya sentensi na sentensi alinyamaza muda mrefu, anaangalia dirisha. Mara mbili au tatu, katika kunyamaza huko, alianza kuimba chini chini, mdomo umefumba. Mimi Kipare sikijui, na maneno hayakuwapo. Nilidhani amechoka. Rafiki yangu alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea miguu ya mama yake, macho kayafumba.

Nikaenda kuiediti Jumapili baada ya ibada. Nilijua nataka nini: okestra. Nilipata mtandaoni muziki mmoja wa bure, fidla nyingi mpaka basi, zinapanda na kushuka. Kwanza ilibidi niifupishe, maana nani atakaa saa nzima amtazame bibi anaangalia dirisha? Programu ninayotumia ina kitufe ambacho kinatafuta ukimya wote chenyewe na kuuondoa. Nikabonyeza. Sikusikiliza hata ukimya mmoja. Kikombe changu cha chai hakijapoa, kazi ilikuwa imekwisha.

Kukabaki ule wimbo. Huo niliusikiliza mara nyingi, nikitafuta namna ya kuuokoa, maana sauti ya mama ilikuwa nzuri na mashine ile hata haikusikika sana. Lakini fidla zangu zilikuwa kwenye ufunguo mwingine. Mama akishuka, fidla zinapanda. Zilikuwa zinagombana, na mmoja ilibidi atoke. Nikamtoa mama.

Nilibaki na dakika kumi na nne. Nililia mwenyewe nilipoitazama. Halafu, kama kawaida yangu, kazi ikiisha nafuta. Nilifuta kila kitu kwenye kompyuta, kadi nikairudisha kwenye kamera, Jumamosi iliyofuata nikapigia sendofu juu yake.

Tuliionyesha kwenye ukumbi wa kanisa, siku ya kumuaga mama. Watu walikuwa wengi, pilau ipo, sambusa zipo. Fidla zilipoanza, watu waliacha kula, na mama alipomshika kichwa mjukuu wa mwisho, wanaume wazima walitoa leso. Nilipigiwa makofi. Nilisimama nikainama kidogo, aibu yake naiona mpaka leo. Mama mwenyewe alikuwa mbele, kwenye kiti cha magurudumu. Alinivuta mkono akaninong'oneza, "Asante mwanangu, nimependeza. Lakini kwani mimi huwa naongea haraka hivyo?" Tulicheka wote, nami nilicheka kuliko wote.

Baadaye nilikuwa jikoni na rafiki yangu, tunaosha masufuria. Halafu akauliza, polepole sana, "Dada, huo muziki umetoka wapi?"

Jamani. Lile swali lile! Swali ambalo watu wa zamani walilihofia mpaka wakaweka ombaomba barabarani, na mimi nikawacheka. Hasira ikanipanda kutoka kwenye kisigino. "Wiki nzima sijalala vizuri kwa ajili yako, nimekufanyia kazi ya sinema kabisa, watu wamelia, halafu wewe unaniuliza muziki umetoka wapi?"

"Siulizi kwa ubaya. Nauliza tu. Pale mama alipokuwa anaimba sijapaona."

"Hakuimba," nikamwambia. "Aliguna."

Akaendelea kusugua sufuria. Mimi nikajifuta mikono nikaondoka. Nilipofika kwenye gari nilijua nimesema vibaya, lakini nikajiambia atapoa, akija kuiangalia tena ataona uzuri wake.

Mama alisafiri. Miezi miwili baadaye tukapata habari kwamba amefariki, kwake, kitandani kwake, kama alivyotaka. Tulikusanyika Frogtown tukaomboleza. Wiki moja baada ya maziko nilikuwa nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisini Eden Prairie, nakula chakula cha mchana, simu ikalia. Alikuwa ni rafiki yangu.

"Dada, naomba ile yote. Ile ndefu, isiyo na muziki. Ule wimbo mama alinibembelezea mimi nikiwa mtoto, na watoto wangu aliwabembelezea uleule. Maneno sikuwahi kuyajua na sauti yenyewe inanipotea. Jana nimejaribu, inanitoka. Naomba hata hicho kipande tu."

Ningeweza kusema nimefuta. Neno moja. Kinywa changu, ambacho hakijawahi kukosa neno tangu kiumbwe, kilitafuta neno lingine na kikalipata palepale, kwa sababu mama alikuwa ameniwekea tayari.

"Mwenzangu, sikutaka kukuumiza," nikasema. "Ile mashine ya oksijeni ilinguruma, ikaharibu sauti yote. Haifai. Ndiyo maana niliweka muziki, nifunike."

Halafu nikasikia analia. "Aliniambia niizime," akasema. "Ulikuwepo. Mama aliniomba niizime kidogo tu, nikakataa."

Nilikuwepo, ndiyo. Nilisikia kwa masikio yangu haya, ndiyo sababu nililitumia. Nikamwambia pole. Nikakata simu, nikamalizia wali wangu, nikaingia ofisini kutafuta makosa ya watu.

Siku mbili tatu baadaye, moyo ukinisuta, nilipeleka ile kadi kwa fundi mmoja wa kompyuta pale University Avenue. Aliiangalia akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshapiga sherehe tatu juu yake. Kilichobaki duniani ni dakika zangu kumi na nne, sauti ya mama na fidla zangu kwenye utepe mmoja, na hakuna awezaye kuzitenganisha. Wale wa miaka ya mwanzo ya sauti angalau hawakuwa na njia nyingine. Mimi nilikuwa nayo nikaifuta.

Ungesema hapo ningekwenda kuungama. Sikwenda. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa tangu shule ya msingi, lakini yangu ilinichukua majira yote ya baridi. Nikikutana naye kanisani namkumbatia kwa nguvu kupita kiasi. Nilimpelekea chapati, nikamsafishia theluji mlangoni. Yeye akawaambia watu, "Huyu dada sijui ningefanya nini bila yeye." Kila akisema hivyo nilitamani sakafu ipasuke. Darasani nilikwenda Jumanne zilizobaki nikakaa nyuma, sicheki tena mtu yeyote.

Kilichonifungua kinywa si wema. Tulikuwa kwenye ibada ya nyumbani, kwa mama mmoja wa Kenya, nesi, jirani yangu hapo Crystal. Baba yake alikuwa amelala chumba cha pili, naye yuko kwenye mashine kama ile. Tumemaliza kuomba, tunakula. Yule mama akasema watoto wake wanataka kumrekodi babu yao akiwasimulia maisha yake, naye babu amekubali iwe kesho. Rafiki yangu akaweka sahani chini, akamshika mkono.

"Nikushauri kitu, dada yangu," akamwambia. "Mkimrekodi, zimeni mashine. Hata dakika kumi. Mimi sikuzima, na sasa sina sauti ya mama. Nitajuta mpaka nakufa."

Yule mama akaanza kuitikia kwa kichwa. Alikuwa nesi, alijua vizuri kuliko sisi sote, lakini alikuwa pia mtoto anayempoteza baba, na nilimwona anafikiria.

"Usizime!" Nilipiga kelele mpaka chai ikanimwagikia. Sebule nzima ikageuka. "Usizime hiyo mashine, tafadhali. Haiharibu kitu."

Rafiki yangu akaniangalia bila kuelewa. "Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikudanganya," nikasema. Mbele ya watu wote, chai inanidondoka kwenye sketi. "Mashine haikuharibu chochote. Sauti ya mama ilikuwa safi. Niliukata wimbo kwa sababu haukupatana na fidla zangu, halafu nikafuta kila kitu, halafu nikakusingizia wewe. Ulifanya vizuri kutoizima. Mimi ndiye niliyemfuta."

Hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana, matusi nayaweza. Alichukua koti lake, akavaa kofia, akatoka kwenye baridi. Yule mama wa Kenya akaja na kitambaa akaanza kunipangusa sketi kama mtoto mdogo. Nilitamani kufa kwa aibu.

Siku tatu hakupokea simu. Siku ya nne nilikwenda Frogtown bila kualikwa. Alifungua mlango, akaniachia nipite. Hatukusalimiana. Jikoni alikuwa anachambua maharage, akarudi kukaa na kuendelea kuchambua. Nikasimama pale karibu na friji na koti langu mwilini, nikasema yote niliyokuja nayo: nisamehe, nimekukosea, sina la kujitetea. Yaliisha haraka. Nilikuwa nimeyapanga barabarani, na yalisikika hivyo.

"Uliusikiliza mara ngapi?" akauliza, hajainua macho.

"Nini?"

"Wimbo. Kabla hujaukata."

"Mara nyingi. Sijui, ishirini. Nilikuwa natafuta namna ya kuupatanisha."

"Basi unaujua."

Nilikuwa naujua. Ulikuwa kichwani mwangu tangu siku ile, nikiendesha gari upo, nikioga upo, na sikuwahi kuuachia utoke kwa sababu niliona sina haki.

"Imba," akasema.

Nikavua kofia. Nikaimba mdomo umefumba, kama mama, kwa sauti ya chini. Nakuapia niliimba vizuri, kila noti mahali pake. Rafiki yangu aliacha maharage, akafumba macho kama siku ile alipokaa sakafuni, na nikaona uso wake unaanza kulegea. Halafu ukakazika tena. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Umeuunganisha. Pale katikati mama alikuwa anasimama anavuta pumzi. Siku zote, tangu mimi mdogo, hata kabla hajaugua. Nilikuwa nalala hapohapo, kwenye pumzi. Rudia."

Nikarudia. Nilifika katikati, nikasimama kama alivyoniambia, nikavuta pumzi, nikamwangalia. Macho yake yalikuwa bado yamefumba, anasubiri. Sikujua nisimame kwa muda gani. Hiyo ndiyo sehemu niliyoiondoa kwa kitufe, bila kuisikiliza.